Mkasi Umeushika, Unasubiri Nini?

Huku Katanga, makala ni mkaa. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atacheka, lakini ndivyo tusemavyo. Toka Lubumbashi ushike njia ya Kinsevere, kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji, uone magunia ya makala yamepangwa kando ya barabara, midomo imezibwa kwa majani, yanangoja lori. Kwa hiyo ukisikia ninakuandikia makala, usidhani ninakuletea kitu cha kukubembelezea usingizi.

Ninakuletea moto.

Nilisimama kwa fundi cherehani mmoja kule Kinsevere, nimepeleka suruali ipunguzwe. Malori ya mgodi yalikuwa yanapita, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye kope. Fundi mwenyewe hakuwapo. Alikuwapo kijana anayejifunza kazi kwake, wa miaka ishirini hivi, anakata kitenge. Nikamtazama mikono. Hakupiga chaki, hakupima mara mbili. Mkasi ulitulia mahali pamoja, kitambaa ndicho kilichozunguka, na shingo ya blauzi ikatoka mviringo kama imepigwa bikari. Tundu moja la mkasi lilikuwa limeviringishwa mpira wa tairi la baiskeli, maana chuma kilikwisha kumla kidole gumba. Chini ya meza palikuwa na gunia la saruji limejaa vipande: bluu, manjano, kijani cha sombe, nyekundu ya pilipili. Kila Jumamosi huja mtu wa mito akavinunua kwa bei ya bure, akajazie mito yake.

Kwenye ubao wa ukuta palichorwa jogoo kwa chaki. Mistari minne tu, lakini jogoo ana kiburi, unaona kabisa yuko karibu kuwika. Nikauliza nani kachora. Kijana akaona haya.

"Ni mimi, yaya. Zamani nilikuwa nachora sana. Nikaacha. Sina vifaa."

(Yaya huku kwetu ni kaka au dada mkubwa, si mlea watoto.)

Sina vifaa.

Alilisema neno hilo mkasi ukiwa mkononi!

Mteja akaingia, mazungumzo yakakatika, jibu likanibaki kooni. Leo nalitoa. Wala si la kijana yule peke yake. Ni lako wewe. Wewe unayesema huna vifaa. Wewe unayesema umri umepita. Wewe unayesema ngoja bei zishuke, ngoja hali itulie, ngoja mtoto amalize shule, ngoja mwaka uanze. Mwaka umeanza mara ngapi tangu useme hivyo?

Kaa hapo. Nikupe habari za mzee mmoja mgonjwa na mkasi wake.

Henri Matisse alikuwa mchoraji wa Ufaransa aliyekwisha kupata jina kubwa duniani. Januari 1941, akiwa na miaka 71, madaktari wa Lyon walimpasua kwa sababu ya saratani ya utumbo. Aliponea chupuchupu, masista waliomuuguza wakawa wanamwita mfufuka. Tumbo halikurudi kuwa tumbo tena. Kusimama saa nyingi mbele ya turubai, kama alivyozoea maisha yake yote, kukamshinda. Akawa mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu.

Haya, wewe ungefanya nini?

Wengi wetu tungeomba uji na redio.

Yeye aliomba mkasi.

Wasaidizi wake walipaka karatasi kwa rangi za guashi, kila karatasi rangi yake, wakazianika zikakauka. Mzee akazichukua akazikata. Hakuchora kwanza kwa penseli halafu afuate mstari. Mkasi wenyewe ndio uliochora. Vipande vikashikizwa ukutani kwa pini, akavitazama, akaamuru: hiki kisogee, kile kigeuke, toa, rudisha, hapana, toa kabisa. Mwaka 1943 mji wa Nice, alikokuwa anaishi, uliogopewa kupigwa mabomu, akahamia Vence, mji mdogo wa milimani, na huko ndiko alikofanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Nchi iko chini ya Wajerumani. Aprili 1944 Gestapo, polisi wao wa siri, wakawakamata Amélie, mke aliyekuwa ametengana naye, na binti wa Matisse, Marguerite, kwa kushiriki harakati za kuwapinga Wajerumani. Marguerite aliteswa. Wote wawili walitoka hai, lakini kwa miezi kadhaa mzee hakujua kama atawaona tena.

Na katika chumba kile, katika miaka ile, na mwili ule, unajua alikuwa anakata nini?

Sarakasi.

Ndiyo. Sarakasi! Mmeza panga, kichwa kimelazwa nyuma, panga tatu zimeshuka kinywani. Mrusha visu. Mchekeshaji. Farasi na mpandaji wake. Wana wa bembea wanaorushana juu hewani, ambao aliwaita Codoma ingawa ukoo ule maarufu wa sarakasi uliitwa Codona. Jina limekosewa herufi na picha bado inaruka. Na yuko Ikaro, mtu mweusi anayeelea katika samawati, nyota za manjano zimemzunguka, na kifuani doa moja dogo jekundu mahali pa moyo.

Mtu wa kitanda alikuwa anatengeneza watu wanaoruka.

Kuna picha moja katika hizo ambayo hainitoki kichwani. Tembo mweupe amesimamishwa juu ya mpira, na vipande vyekundu kama ndimi za moto vinampenya mwilini. Matisse aliipa jina la jinamizi la tembo mweupe. Fikiria. Mnyama wa kung'oa miti, amefundishwa kusimama juu ya mpira ili watu wapige makofi. Ana nguvu ya kubomoa hema lote, na hajui, au alijua akasahau. Nani huyo? Mimi namjua, huwa namwona kwenye kioo nikinyoa ndevu.

Wewe kwenye kioo chako unamwona nani?

Kazi hiyo ikawa kitabu. Mchapishaji Tériade alikitoa Paris mwaka 1947, Matisse akiwa na miaka 77. Jina la mwanzo lilikuwa Cirque, yaani sarakasi; baadaye likawa Jazz, kama muziki ule wa kubuni papo hapo. Picha 20. Nakala 250 zenye maandishi, na albamu 100 za picha tupu. Fundi Edmond Vairel alikata violezo vya kila umbo, na rangi zikapakwa kupitia humo, guashi ile ile aliyoitumia mzee. Maneno Matisse aliyaandika mwenyewe kwa brashi, herufi kubwa kubwa za mkono, ukurasa kwa ukurasa, ili jicho lipate pa kupumzika kati ya picha na picha. Alikiri waziwazi kwamba maneno yale kazi yake ni kupendeza macho.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapoanguka.

Kitabu kilipotoka, watu wakakifurahia. Mwenyewe hakukifurahia! Alimwandikia rafiki yake André Rouveyre kwamba kimemharibikia. Vile vipande vya karatasi vilivyokuwa vinapumua ukutani, yeye aliviona vimelala kwenye ukurasa kama vimepigwa pasi.

Miaka 77. Mgonjwa. Kitabu alichokitolea jasho miaka mingi, na moyoni anasema nimekosea.

Wewe ungeishia hapo, si ndiyo? Ungeweka mkasi chini. Ungetafuta wa kumlaumu: mchapishaji, serikali, mchawi.

Mzee alichukua karatasi kubwa zaidi. Akakata madirisha ya kanisa dogo la Vence, likafunguliwa 1951. Akakata wanawake wa buluu mwaka 1952. Mwaka 1953 akakata Konokono, picha ya karibu mita tatu kwenda juu na karibu mita tatu kwenda upande. Novemba 1954 akafariki. Kile alichokiona kimeharibika kilikuwa mlango tu, na kazi zilizofuata ndizo zinazowapanga watu foleni kwenye majumba ya makumbusho hadi leo.

Ulianguka mara moja ukakaa chini miaka sita. Umekaa kufanya nini?

Najua utaniambia nini. Yaya, huyo alikuwa Mzungu mwenye jina, mwenye wasaidizi, mwenye pesa.

Kweli. Sikufichi. Basi njoo nyumbani.

Ukuta wa chumba cha kazi cha mzee huyo ulikuwa na nini? Vitambaa vya Kongo! Matisse alikusanya vitambaa vya Wakuba wa Kasai, vya nyuzi za rafia, akavitundika mahali anapoweza kuvitazama kutwa. Unavijua: mwanamume anafuma, mwanamke anatarizi, halafu kwa kisu kidogo anakata nyuzi, uzi kwa uzi, mpaka kitambaa kinakuwa laini kama mahameli na michoro inasimama yenyewe. Kukata. Mwanamke wa Kasai ambaye hakuna aliyeandika jina lake alikuwa fundi wa kukata maumbo kabla Matisse hajaomba mkasi. Lubumbashi imejaa familia zilizotoka Kasai. Huenda yako ni mojawapo. Mali ya bibi yako ilikuwa inatazamwa kutwa Ufaransa, na wewe umekaa Kinsevere unangoja vifaa kutoka Ufaransa?

Haya tena. Mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya Jazz, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watu waliijua kama Le Hangar. Humo alikuwamo Pilipili Mulongoy, alikuwamo Mwenze Kibwanga na vistari vyake vifupi vifupi, na alikuwamo Bela Sara. Unajua Bela alichora kwa nini? Kwa ncha za vidole. Alichovya kidole, akabandika doa, akachovya, akabandika, mpaka kiumbe kikaamka kwenye karatasi.

Vidole, ndugu yangu. Vyako viko wapi? Vimeshika simu.

Lakini anayenichoma zaidi ni Tshibumba Kanda-Matulu. Mwaka ule ule wa 1947, Jazz inatoka Paris, yeye anazaliwa Élisabethville. Alichora juu ya magunia ya unga. Gunia linakunjuliwa, linanyooshwa, linapakwa rangi, linakuwa turubai. Picha aliziuza kwa watu wa kawaida, wakazitundike sebuleni juu ya kochi. Kisha akajiambia kwamba picha moja moja haimtoshi: atachora historia ya nchi nzima. Nani alimtuma? Hakuna. Shahada ya historia? Hana. Mwaka 1973 na 1974 akamletea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha baada ya picha, karibu 100, tangu enzi za mababu, wakoloni wakaja, Katanga ikajitenga, Lumumba akauawa, Katanga ikarudishwa, mpaka siku zijazo alizoziona yeye kichwani. Na kila picha akaieleza kwa mdomo wake, kinasa sauti kinazunguka.

Kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Kiswahili hiki hiki cha Lubumbashi, ambacho watu wa pwani wanakicheka na wewe mwenyewe unakionea haya.

Mwaka 1996 picha zile na maneno yale vikatoka kama kitabu huko Marekani. Hakuna ajuaye kama Tshibumba alikishika mkononi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Lakini wasomi wa dunia, wakitaka kujua Mkongo wa kawaida aliionaje historia yake, wanafungua gunia la unga.

Wewe gunia la unga likiisha unalifanyia nini?

Nilipokuwa naondoka kwa fundi, nilipita karibu na mgodi. Shaba ya Kinsevere haitoki ardhini ikiwa inang'aa. Inatoka ikiwa jiwe, lina ukijani kidogo, ukiliokota huwezi hata kulitupia mbwa kwa kujivuna. Linasagwa. Linalowekwa katika asidi. Umeme unapitishwa katika maji yale, siku baada ya siku, na shaba inajikusanya taratibu kwenye bamba mpaka inabanduliwa kathodi nyekundu, safi, nzito. Shaba ilikuwamo humo tangu kabla ya babu wa babu yako. Ililala tu.

Na wewe umelala nayo.

Usiniulize kama unacho kipaji. Nimemwona jogoo wako ukutani! Mtu asiye na kitu hachori jogoo mwenye kiburi kwa mistari minne. Swali langu ni jingine: umekiweka wapi? Chini ya meza? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe chako kiko mvunguni mwa miguu yako mwenyewe, unakikanyaga kutwa ukikanyaga cherehani.

Unasema hujui ukate nini. Hujui? Matisse alipokata ziwa la visiwa vya mbali, alilikumbuka kutoka safari ya Tahiti ya mwaka 1930. Ilimbidi akumbuke. Wewe sarakasi yako iko mlangoni. Mwanamume anasukuma baiskeli yenye magunia matano ya makala, baiskeli haionekani, unaona magunia yanapanda kilima yenyewe. Mama ana beseni la nyanya kichwani, mtoto mgongoni, simu imebanwa begani, anabishana bei na anavuka barabara mbele ya lori la mgodi, na nyanya moja haijadondoka. Kijana wa mayai amepanga trei kumi nyuma ya pikipiki, anapita kwenye mashimo kama anacheza rumba. Bembea gani ya Ulaya inawashinda hawa? Mmeza panga ni nini mbele ya mtu aliyemeza mwezi mzima bila mshahara na bado anatabasamu kanisani?

Kata baiskeli ile. Kata mama yule. Mkate awe mweusi juu ya manjano, beseni lake jekundu. Ukikosea, kata tena. Vipande vimejaa gunia zima.

Umeme umekatika? Matisse alihitaji dirisha. Hujasoma shule ya sanaa? Tshibumba alishika gunia. Huna brashi? Bela alikuwa na vidole. Umezeeka? Una miaka mingapi, sema! Huna 77. Na kama unayo, basi uko sawasawa na mwenzako siku kitabu chake kilipotoka.

Huna muda? Hapo ndipo nataka tugombane. Fundi wako anafungua saa mbili. Mteja wa kwanza huja saa tatu, mara nyingi saa nne. Nimekaa pale, nimeona. Saa nzima kila asubuhi unaitazama barabara. Kitabu kile kina picha 20. Picha moja kila wiki, ni miezi isiyofika mitano. Mvua za Novemba zikianza na wewe ukaanza, zikikatika Aprili unacho kitabu. Usipoanza, mvua zitanyesha vile vile, zitakatika vile vile, na wewe utakuwa unawaambia watu zamani nilikuwa nachora.

Zamani! Una miaka ishirini, na una zamani?

Mwaka 2008 vijana wa Lubumbashi, Sammy Baloji akiwamo, walianzisha mkutano wa wasanii hapa hapa mjini. Leo ni Bienale ya Lubumbashi, wageni wanapanda ndege kuja kutazama. Jina walilolichagua mwanzoni halikutoka Paris wala Brussels. Walichagua neno analolijua kila mtoto wa Kinsevere: Picha. Wageni wanakuja kutazama picha, na zako ziko ndani ya mto, mtu asiyekujua amezilalia.

Jumamosi mtu wa mito anapita. Mwambie gunia la wiki hii haliuzwi.